Mafua Hayaingii kwa Mwenyekiti

Kuku wa Salvatory Masunga hawakuwa na mafua. Walipiga chafya tu. Walitokwa kamasi, ndiyo, na wawili walivimba uso mpaka jicho moja likazibika, na bandani kulikuwa na uvundo ambao mtu mwenye pua zake asingeweza kukisingizia kinyesi peke yake. Lakini mafua hawakuwa nayo. Mafua ni ugonjwa wa kuku wa watu wachafu, na Salvatory, mwenyekiti wa kigango cha Mwabundala, hakuwa mchafu. Alilitangaza jambo hilo mwenyewe, mbele ya watu, mwaka mmoja uliopita, na kauli ya mwenyekiti haiwezi kutenguliwa na kamasi za kuku.

Mwaka huo mafua yaliingia kwa Esteria, mjane anayekaa ng'ambo ya korongo, ambaye wengi humwita Mama Veronica. Kuku wake kumi na tisa walikwisha katika muda wa wiki tatu. Ng'ombe wa maskini hazai, wanasema, na kuku wake naye inaonekana alisikia. Watu walikwenda kumpa pole. Salvatory alikwenda kumpa somo. Alisimama kwenye mkutano wa jumuiya, akakohoa kidogo ili waliosinzia wajue nani anasema, akaeleza kwamba kuku ni sawa na mtu, akilala pasafi haugui, na kwamba yeye amefuga miaka kumi na minne na mafua hayajawahi kukanyaga kwake.

"Hayaingii kwa mwenyekiti," katekista Januarius alitania.

Watu wakacheka, na Salvatory akacheka kuliko wote. Esteria hakucheka. Aliinama akawa anachezea pindo la kitenge chake mpaka mkutano ukafungwa kwa sala.

Tangu hapo alianza upya na matetea sita wa kupewa na dada yake wa Maswa. Sasa alikuwa na kuku ishirini na saba, wote wanataga. Mayai yao yalipanda bodaboda kila Jumatatu kwenda kwa akina mama wawili wauza chakula Bariadi mjini, na mayai hayo ndiyo yaliyokuwa yakimweka binti yake Veronica chuo cha uuguzi. Mume hakuwapo, ng'ombe hawakuwapo, na pamba ya msimu ule ilikuwa imekaukia shambani kabla haijafunga vitumba. Kuku walikuwapo. Kijiji kizima kilijua hivyo, na Salvatory akiwa wa kwanza, kwa kuwa mwenyekiti hujua mambo ya watu wote isipokuwa ya nyumbani kwake.

Sasa, ule ugonjwa ambao haukuwapo uliletwa na jogoo. Salvatory alikwenda harusini Nyashimo, na wakati wa kurudi akamwona kando ya barabara: mwekundu, mrefu, shingo imejaa, upanga wa kichwani umesimama, anatembea kama mtu anayesubiri kupigiwa makofi. Walipendana papo hapo. Alimnunua, akambeba mapajani ndani ya basi mpaka Bariadi na hakuna aliyemcheka, au labda walimcheka na yeye hakuona.

"Mtenge kwanza wiki mbili," mkewe Generoza alimwambia kabla hata hajamfungua kamba. "Nancy alisema. Kuku mgeni halali na wenyeji."

Nancy ni afisa mifugo wa kata, binti mdogo wa umri anayezunguka vijiji saba kwa pikipiki moja. Alikuwa ameitisha mkutano shuleni akaeleza yote: kwamba mafua ya kuku yanaletwa na vijidudu wala si uchafu peke yake, kwamba yanapita kwa chafya, kwa maji ya kunywea, hata kwa viatu vya mgeni, na kwamba kuku aliyepona anaweza kuendelea kuwaambukiza wenzake huku mwenyewe akiwika. Salvatory alihudhuria mkutano huo. Alifungua kwa sala na akafunga kwa neno la shukrani. Katikati hapo alikuwa anafikiria neno la shukrani.

"Nimtenge?" alimwuliza mkewe. "Kwani ameingia nchini bila kibali?"

Akamfungulia jogoo bandani. Siku ya tatu jogoo akapiga chafya, siku mbili tatu hivi, kisha akapona na kuendelea na shughuli zake. Matetea wakazipokea chafya pale alipoziachia.

Generoza alisema aitwe Nancy. Salvatory alieleza, kwa upole wa mtu anayemfundisha mtoto, kwamba pikipiki ya Nancy inajulikana kwa mlio. Ikisimama mbele ya uzio wake saa tatu asubuhi, saa nne kijiji kinajua, saa tano kigango kinajua, na kufikia jioni hata dagaa wa Lamadi watakuwa wamepata habari. Kwa hiyo alitibu mwenyewe. Aliwanywesha maji ya shubiri. Aliwanywesha maji ya pilipili. Alimpangusa kila mmoja pua kwa maji ya chumvi ya vuguvugu, akawapaka juu ya mdomo ile dawa ya kuchua kifua anayoitumia yeye wakati wa baridi. Kuku hawakupona. Waliendelea kupiga chafya kama kawaida, ila sasa banda lilinukia kama chumba cha babu mwenye pumu.

Ndipo Jumapili ya mavuno ikakaribia.

Kwa asiyejua: siku hiyo Padre huja, naye hufika Mwabundala mara moja kwa mwezi, na kila familia huleta sadaka ya kile ilichojaliwa. Mtu huleta debe la mpunga, mwingine viazi, mwingine mbuzi, wengi huleta kuku. Baada ya Misa vitu vyote hunadiwa pale pale nje ya kanisa, fedha huingia kwenye ujenzi, na vitu hurudi vijijini katika mikono mipya. Ni utaratibu mzuri sana. Kwa vijidudu vya mafua ni usafiri wa bure.

Miaka yote sadaka ya Salvatory ndiyo iliyokuwa kubwa. Mwaka huu pamba ilikuwa imemtupa kama ilivyowatupa wengine, na kitu alichokuwa nacho kilikuwa kuku. Wazo lilimjia Ijumaa wakati ananyoa ndevu, na halikumjia likiwa baya. Mawazo mabaya hayana ujinga wa kuja yakiwa uchi. Huja yamevaa nguo za Jumapili. Alijiuliza: wale ambao hawajavimba, si ni wazima? Na kama ni wazima, si vizuri kuwaokoa kabla hawajaugua? Na wakishakuwa mali ya Mungu, Mungu aliyewatakasa wakoma atashindwa na chafya? Alipomaliza kunyoa alikuwa na matetea sita na dhamiri safi kabisa. Jogoo akamwongeza wa saba, kwa sababu jogoo alikuwa amepona, na kwa sababu bila jogoo sadaka haina sura.

"Unampa Mungu makamasi," Generoza alisema Jumamosi jioni.

"Nampa Mungu kuku."

"Mficha maradhi, Baba Dastan, kifo humuumbua."

"Hajafa hata mmoja."

"Bado," alisema Generoza, akaingia ndani. Hakumshikia hata kuku mmoja. Salvatory aliwafunga miguu mwenyewe, akawapangusa pua mmoja mmoja, na jogoo akampaka mafuta kidogo kwenye upanga ili ung'ae.

Misa ilikwenda vizuri. Padre alihubiri juu ya sadaka ya Abeli, na Salvatory akatikisa kichwa mahali pote panapostahili. Kisha watu wakatoka, meza ikawekwa, spika zikakoroma, na Constantine akashika maiki. Constantine hutengeneza baiskeli siku sita, na ya saba hunadi. Mungu amemjalia mdomo ambao angekuwa na duka angekuwa tajiri.

"Kuku wa mwenyekiti hawa!" alipaza sauti. "Kuku wasiojua kuumwa! Nani anaanza?"

Wakaanza. Watu waliogombea tetea mwenye madoa walikuwa wanne, akamchukua bibi Nyanjige wa karibu na kisima. Mweupe akaenda kwa mwalimu mkuu. Mmoja alipita mikono mitatu kwa utani na mwisho akatua kwa mama mmoja wa kwaya aliyekuwa amekuja kununua viazi. Kila kuku alipoondoka, Salvatory alimfuata kwa macho mpaka kwenye kapu lake, na bila kutaka alijikuta anakumbuka nani ana kuku wangapi nyumbani. Kazi ya uenyekiti ina hasara hiyo. Lakini alijipa moyo. Hao wengine ni watu wenye ng'ombe, kuku kwao ni kachumbari.

Jogoo aliachwa mwisho. Constantine akamwinua juu, na kweli, alikuwa anapendeza. Akina mama wa jumuiya walikuwa wamesimama pamoja na kwa dalili zote walikuwa wameshapanga, maana kila aliyetaja bei, wao walimpita kwa elfu moja huku wanacheka.

"Kwa nani huyu, akina mama?" Constantine aliuliza.

"Kwa Mama Veronica!" wakajibu kwa pamoja. "Ana matetea ishirini na saba hawana mume!"

Uwanja mzima ukapasuka kwa kicheko na vigelegele. Esteria alijifunika uso kwa khanga, na mabega yake yalikuwa yanacheka pia. Salvatory peke yake ndiye ambaye hakucheka. Matetea sita wangekwenda popote, angekula na kulala. Lakini kule, kwa huyu, yule jogoo, hapana. Hakuwa mtu mbaya. Ni mtu aliyezoea kusifiwa, na huyo hufanana sana na mtu mwema mpaka siku ya kazi.

"Elfu hamsini!" alisikia sauti yake mwenyewe ikisema.

Kisha Constantine akaangua kicheko ndani ya maiki.

"Mwenyekiti, umesahau sheria? Mtoaji hanunui alichokitoa. Mungu akishapewa hanyang'anywi!"

Sheria hiyo aliitunga Salvatory mwenyewe, miaka mitano iliyopita, baada ya mtu mmoja kutoa mbuzi, kumnunua kwa bei ya kutupa, na kurudi naye nyumbani wote wawili wakiwa wamebarikiwa. Watu wakapiga makofi wakidhani mwenyekiti anatania ili bei ipande. Akina mama wakaongeza kidogo, jogoo akawa wao, na Constantine akasema haitapendeza Mama Veronica akabidhiwe na mtu mwingine. Mwenyekiti aje mwenyewe. Mwenyekiti aseme neno.

Basi akaenda. Mkono wa kushoto jogoo, mkono wa kulia maiki, na mbele yake Esteria amepiga magoti nusu kwa heshima, mikono imenyooka kupokea. Salvatory alikuwa na nafasi ya kusema. Maneno hayakuwa mengi: huyu asiende bandani, mtenge, kwangu kuna mafua. Angeyasema kwa pumzi moja. Lakini aliitazama ile halaiki, akamwona katekista Januarius anatabasamu, na akakumbuka kicheko cha mwaka jana, kwamba kingekuwa kile kile ila safari hii yeye ndiye angekuwa ameinama.

Jogoo akapiga chafya. Aliipiga karibu na maiki, na spika zikaitupa mpaka ng'ambo ya barabara.

"Hata jogoo anasema Amina!" Constantine akadaka, na watu wakacheka mpaka wengine wakashikana.

"Amina," alisema Salvatory. Kisha akahutubu dakika sita juu ya ukarimu.

"Wabeja, baba," Esteria alimshukuru akipokea. "Wabeja sana. Sikutegemea."

Siku ile Generoza alimwekea ugali na mlenda, akakaa upande wa pili, akamtazama anavyokula. Kutazamwa na Generoza ni sawa na kusomewa hati ya mashtaka, tena na mtu ambaye hana haraka.

"Jogoo kaenda kwa nani?" aliuliza mwishowe, ingawa alikuwapo.

"Sadaka ni ya Mungu. Mungu atailinda."

"Na kuku wa Esteria ni wa nani?"

Jumatatu Salvatory alikuwa na shughuli. Aliamua kwamba uzio wa kanisa unahitaji kukaguliwa, akaukagua, mti kwa mti. Jumanne alikumbuka barua ya kumwandikia Padre, akaiandika, akaichana, akaiandika tena ikawa ya kumtakia afya njema. Kila alipoelekea upande wa korongo alikuta jambo la lazima upande mwingine. Alijiambia kwamba pengine Esteria amemtenga jogoo. Alijiambia kwamba pengine chafya ile ilikuwa vumbi. Usiku kuku wake wawili waliovimba wakafa, na alfajiri Generoza akawaweka kwenye sufuria kuukuu mlangoni mwa chumba, miguu juu, pale ambapo mtu akiamka lazima awaruke.

"Uende wewe," alisema, "au niende mimi. Ila nikienda mimi nitaanza kusimulia tangu Nyashimo."

Jumatano saa tisa alasiri Salvatory alivaa viatu vyake vyeusi vya Jumapili, kwa kuwa mwenyekiti haendi kwa mtu na kandambili hata kama anakwenda kuaibika, akavuka korongo. Njiani alitunga maneno. Yalikuwa maneno mazuri, yenye utangulizi.

Alimkuta Esteria amechuchumaa kivulini pembeni mwa banda. Mbele yake palikuwa na kuku kumi na mmoja wamelazwa mstari mmoja, wamefungwa miguu kwa vitambaa. Nyuma yake, ndani ya banda, zilisikika chafya, moja baada ya nyingine. Salvatory alizitambua kama mtu anavyotambua sauti ya ndugu yake.

"Mwadila, baba," Esteria alimwamkia akiinuka, akajipangusa mikono kwenye khanga. Macho yake yalikuwa mekundu. "Mungu ndiye aliyekuleta. Nilikuwa nakuwaza wewe."

"Mwadila, mayu," akaitikia, kwa heshima anayopewa mama.

Akampa kigoda. Salvatory akakaa, na ule utangulizi wake ukamtoka kichwani wote.

"Yameingia tena," Esteria alisema. "Tangu jana asubuhi. Kumi na sita wanapiga chafya, wengine macho yameanza kuziba. Mayai jana nimeokota manne. Nimempigia Nancy, yuko kijiji cha mbali, amesema atafika kesho na dawa. Yule jogoo wako tu ndiye hana neno. Anakula, anawika. Ya Mungu ni mengi."

Jogoo alikuwa pale, juu ya tofali, anajinyoosha shingo. Salvatory hakumtazama.

"Hawa kumi na mmoja bado," Esteria aliendelea. Akashusha sauti ingawa hapakuwa na mtu mwingine. "Hawajaonyesha kitu. Ukiwashika wazima, ukiwatazama wazima. Thomasi anapita saa kumi, yule wa matenga anayepeleka kuku Lamadi. Nikimpa hawa leo, ada ya Veronica ya muhula huu ipo. Nikingoja kesho, watakuwa wanapiga chafya na wao, na hakuna atakayewanunua. Sasa baba, nina swali, na Padre hayupo mpaka mwezi ujao, na kuku hawawezi kungoja mwezi ujao. Nikimuuzia Thomasi hawa, nikanyamaza, ni dhambi?"

Salvatory amekuwa mwenyekiti miaka tisa na ameulizwa mengi. Ameulizwa kama mganga wa mitishamba ni mganga wa kienyeji, na kama mtu akila nyama Ijumaa bila kujua imekula kwake. Yote aliyajibu kabla swali halijaisha. Hili aliliacha liishe, kisha likakaa.

Neno moja lilikuwa linatosha. Hapana. Si dhambi, mayu, mtu huuza alichonacho, anayenunua ana macho. Veronica angebaki chuoni. Esteria angetua mzigo na kumshukuru. Na yeye Salvatory, bila ya hata kwenda kuungama, angekuwa ametoka msafi, kwa kuwa kisichokuwa dhambi kwa mjane hakiwezi kuwa dhambi kwa mwenyekiti. Nafasi ililetwa kwake kwenye sahani, haki ya Mungu. Alifungua mdomo kuichukua.

Lakini mama yule alikuwa anamtazama. Hakuwa anaomba ruhusa. Alikuwa anaogopa, anaogopa kweli kweli, kwamba ataambiwa auze.

"Ni dhambi," Salvatory alisema.

Mbali kidogo barabarani pikipiki ilipita, Esteria akainua kichwa kusikiliza; haikuwa ya Thomasi. Kisha akapumua kwa nguvu, akapiga magoti mbele ya kuku wake.

"Nilijua utasema hivyo," alisema. "Ndiyo maana nimekuuliza wewe. Ningemuuliza Januarius angenihurumia."

Akaanza kufungua. Alimfungua wa kwanza, akamnyoosha miguu, akamweka upande. Akamfungua wa pili. Vitambaa vilikuwa vipande vya kitenge alichokivaa mwaka jana kwenye mkutano wa jumuiya, au pengine si chenyewe, lakini Salvatory alikiona hivyo, na akaona aibu mpaka masikio yakawaka. Alimvumilia wa tatu. Kwa wa nne hakuweza.

"Mayu, ni yule jogoo."

"Jogoo mzima?"

"Aliumwa kwangu, akapona. Ndiye aliyewaletea wangu, ndiye aliyewaletea na hawa. Kwangu banda zima linaumwa, wawili wamekufa jana. Si kwamba sikujua. Nilijua. Jumapili nilikuwa najua, nimeshika maiki."

Alitega sikio asikie matusi. Angeyapokea kwa furaha, maana mtu akitukanwa hujiona amelipa kidogo. Esteria hakumtukana. Alimaliza kumfungua yule wa nne, akamfungua wa tano, mpaka wote kumi na mmoja wakawa huru. Akanyanyuka.

"Mwaka jana nilisugua hili banda mpaka ngozi ya mikono ikatoka," alisema. "Kwa maneno yako."

"Ndiyo, mayu."

"Wale wengine sita wako kwa nani?"

Salvatory aliwataja wote, nyumba kwa nyumba, bila kukosea.

"Wana siku tatu. Kuna ambao hawajachanganya bado. Nyanjige huwa anamfunga kuku mgeni jikoni asitoroke." Akamtazama chini. "Vua viatu."

"Mayu?"

"Vua viatu, baba. Nancy alisema ugonjwa hupanda kwenye viatu. Umetoka bandani kwako, umeingia kwangu, sasa unakwenda kwa watu. Huendi na hivyo."

Salvatory akavua. Soksi ya kulia ilikuwa na tundu kwenye kidole gumba, akaivua upesi, lakini Esteria aliliona. Esteria alileta ndoo ya maji na sabuni ya kufulia, akammiminia miguuni bila kuinama, huku, kisha huku. Padre huosha watu miguu Alhamisi Kuu, ila Padre huwa hawatazami kwa macho yale.

"Na usiingie kwa mtu," alimwambia. "Simama nje ya uzio, uwaambie hapo hapo."

Akamshika jogoo mabawa, akamfunika na tenga tupu, akaweka jiwe juu. Akaingia bandani kwa wagonjwa wake, na hakumwambia kwaheri.

Jua la saa tisa na nusu la Simiyu halina urafiki na unyayo uliokaa ndani ya viatu miaka thelathini. Salvatory alitembea kwenye majani pale penye majani, na pasipokuwa na majani alirukaruka. Alikutana na vijana wawili wa kwaya juu ya baiskeli, wakamwamkia shikamoo kwa heshima zote, wakapita, na alisikia baiskeli ikisimama nyuma yake. Thomasi naye akampita na matenga yake yakipiga kelele, mawili matupu.

Nyumba ya bibi Nyanjige ndiyo iliyokuwa karibu. Bibi alikuwa anapepeta mtama mwisho wa uwanja, na wakwe zake wawili walikuwa wanachota maji kisimani pamoja na nusu ya akina mama wa mtaa ule. Salvatory akasimama nje ya uzio wa minyaa, akashika tawi moja, akaliachia.

"Hodi," alisema.

"Karibu, mwenyekiti! Pita ndani, kwani unasimama huko kama mgeni? Na viatu viko wapi?"

"Sipiti, bibi. Nimekuja kwa habari ya yule tetea wa Jumapili. Mnisamehe. Msimchanganye na..."

Sauti ile iliyojaza uwanja wa kanisa bila spika ilifika katikati ya minyaa ikaishia hapo. Kisimani ndoo zilikuwa zimetuliwa chini. Bibi Nyanjige aliacha kupepeta, akaweka mkono sikioni.

"Sema kwa sauti, mwanangu," alisema. "Niko mbali."

Salvatory akasema kwa sauti.